Kiraka na Barua Yake

Miongoni mwa vitu vilivyohifadhiwa na makumbusho ya Smithsonian huko Marekani umo ukanda wa karatasi wa mashine ya kuhesabu iitwayo Mark I, iliyoanza kazi katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1944. Ukanda huo una safu za matundu, na matundu hayo ndiyo yaliyokuwa amri kwa mashine. Na pale ambapo fundi alitambua kwamba pametobolewa pasipostahili kutobolewa, palibandikwa kipande kidogo cha karatasi juu ya tundu, kisha ukanda ukarudishwa kazini. Sisi wa pwani, ambao neno kiraka tumelipokea kwa mshona kanzu na mshona tanga, hatuhitaji kufasiriwa tunachokitazama. Ila kipande kile kina upungufu mmoja: kinaziba tundu, lakini hakina ulimi wa kumwambia ajaye baadaye ni nani aliyekibandika, kosa lilikuwa nini, na kama mwenziwe aliyefanya kazi naye aliridhika. Tarehe ninayotaka kuisimulia ni ya jinsi upungufu huo ulivyoondolewa. Jinsi kiraka kilivyopewa barua ya kukisindikiza, na barua hizo zikapangiwa mabaraza, adabu na makarani, hata zikajenga programu huria zinazoendesha leo seva za dunia na simu nyingi zilizomo mifukoni mwetu.

Kwanza ilibidi kiraka kiweze kuandikwa. Mapema katika miaka ya 1970, katika maabara za Bell, Douglas McIlroy alitunga programu ndogo iitwayo diff, iliyotoka pamoja na toleo la tano la mfumo wa Unix mwaka 1974, na kazi yake ni kulinganisha maandishi mawili yanayokaribiana na kutoa ile mistari tu iliyohitilafiana. Mwaka 1985 Larry Wall, ambaye baadaye alipata sifa kubwa zaidi kwa lugha yake ya Perl, aliwatolea watu programu aliyoiita patch, ifanyayo kinyume cha ile ya kwanza: huchukua hizo tofauti na kuzitia katika maandishi ya kale mpaka yawe mapya. Asiyewahi kuifanya kazi hii aweza kulidharau jambo hili, lakini na afikiri hali ilivyokuwa kabla yake. Mtu aliyesahihisha mistari kumi katika programu ya mistari elfu kumi alikuwa na njia mbili tu: ama aipeleke programu nzima kwa waya wa simu uliokwenda kwa mwendo wa kobe, ama aandike kwa maneno kwamba katika faili fulani, chini ya mstari fulani, futa hiki uandike kile, na aliyepokea akae na kidole juu ya kioo akitafuta. Tena programu ya Wall ilikuwa na subira ambayo ndiyo siri ya kudumu kwake. Ikiwa mpokeaji naye amekwisha kuongeza mistari yake mwenyewe, hata mahali pa kutia kiraka pakasogea, patch haikukata tamaa, bali ilipanda na kushuka ikiitafuta mistari jirani mpaka ikapatambua mahali penyewe. Na kama haikuona, haikuharibu kitu, ila ilikiweka kipande kilichokataliwa kando, katika faili lake, kingoje macho ya mtu.

Umbo ambalo viraka vinalo hadi leo lilikamilika mwaka 1990 kwa mkono wa Wayne Davison. Mstari unaoondolewa hutanguliwa na alama ya kutoa, unaoingia hutanguliwa na alama ya kujumlisha, na mistari michache isiyoguswa huachwa juu na chini ili msomaji aone kiraka kimeshonwa kwenye bega au kwenye ukosi. Kwa rai yangu, hapo ndipo kiraka kilipogeuka kuwa kitu cha kusomwa na mwanadamu kabla ya kusomwa na mashine. Na kitu kinachosomeka ni kitu kinachojadilika.

Orodha za barua pepe zilikuwako tangu zamani. Katika mtandao wa ARPANET watu walikuwa na baraza la kujadili mambo ya barua pepe tangu mwaka 1975, na kwa miaka mingi kuingia na kutoka katika mabaraza ya namna hiyo kulitegemea karani aliyeongeza majina na kuyafuta kwa mkono, akichelewa alipougua na akikosea alipochoka. Mwaka 1986 Eric Thomas, akiwa mwanafunzi mjini Paris, aliiandika LISTSERV, ambayo iliupa mtambo kazi ya karani. Na mwaka 1992 Brent Chapman akaandika Majordomo, jina lenye maana ya msimamizi wa nyumba ya bwana mkubwa, ambayo haikuwa na gharama na kwa hiyo ikaenea upesi miongoni mwa mafundi wasiokuwa na bajeti ya mtu yeyote.

Mfano ulio bayana wa kuoana kwa mambo hayo mawili, yaani kiraka na orodha, ni ule wa seva ya Apache. Rob McCool, aliyeitunga seva ya wavuti ya NCSA katika Chuo Kikuu cha Illinois, aliondoka hapo katikati ya mwaka 1994, na programu yake, iliyokuwa inatumiwa kuliko zote, ikabaki kama jahazi lisilo nahodha. Kila mwenye kuitumia akawa anashona viraka vyake peke yake, na watu wawili katika miji miwili wakalitibu jeraha lile lile kwa dawa mbili wasijuane. Februari 1995 Brian Behlendorf na Cliff Skolnick walisimamisha orodha ya barua ili viraka hivyo vikutane, na watu wanane wakawa nguzo za baraza hilo. Walilichukua toleo la 1.3 la NCSA, wakalitia masahihisho na maongezo yote waliyoyaona yanafaa, wakayajaribu katika seva zao wenyewe, na Aprili mwaka huo huo wakautolea umma kazi yao. Kwa kuwa hawakuwa na chumba cha kukutana wala mwenyekiti wa kuwahesabu mikono, walibuni kura ya barua: aliyekubali kiraka aliandika alama ya kujumlisha na moja, asiye na neno aliandika sifuri, na aliyepinga aliandika alama ya kutoa na moja, na desturi ikawa kwamba pingamizi dhidi ya kiraka halina nguvu mpaka liambatane na sababu zake. Sharti hilo dogo nalistahi sana. Linampa mtu mmoja uwezo wa kuwazuia wengi, lakini linamkataza kuwazuia kwa kinyongo. Mwaka uliofuata Apache iliipita seva ya NCSA kwa wingi wa matumizi, na jina lake, ambalo waasisi wake wamelieleza kuwa ni la kuwaheshimu wenyeji wa Marekani waitwao hivyo, likasikika pia masikioni mwa wasemao Kiingereza kama neno la kitu chenye viraka.

Lakini shule kubwa ya desturi hii ni Linux. Tarehe 25 Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliwaandikia wapenzi wa mfumo wa Minix kwamba anatunga mfumo endeshi wake kwa kujifurahisha, na kwamba hautakuwa kitu kikubwa. Waliomjibu hawakumletea pongezi tu, walimletea viraka. Orodha ya kwanza ya watu hao ilikaa katika mtambo wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Helsinki, nayo ilikuwa kama nyumba moja yenye milango mingi: mwenye kuandika alitia juu ya barua yake mstari mmoja wa kuutaja mlango, na barua ikawafikia wale tu waliojiandikisha katika mlango ule. Baadaye baraza lilihamia katika mtambo ulioitwa vger, uliokuwa katika Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey, ukihudumiwa na David S. Miller, na jina vger limedumu hadi leo katika anwani za orodha hizo, ijapokuwa mtambo wenyewe umehama na kubadilishwa.

Palikuwa na orodha, palikuwa na viraka, lakini mwisho wa njia alikuwa mtu mmoja. Kila kiraka kilichotaka kuingia katika kerneli, yaani kiini cha mfumo, kilipaswa kupita mikononi mwa Torvalds, naye alikitia au alikiacha. Na alipokiacha, aghalabu hakusema neno. Hakuna kitu kinachomkera fundi kama kimya. Aliyeandikiwa kwamba kazi yake ni mbovu aweza kuitengeneza, na aliyeandikiwa kwamba haihitajiki aweza kwenda zake, lakini asiyejibiwa hajui kama amekataliwa, amesahauliwa, au barua yake imepotea njiani. Ilipofika mwishoni mwa Septemba 1998 malalamiko yalifurika. Watu wazima walioheshimiana wakaandikiana kwa ukali, ikasemwa hadharani kwamba kerneli imekua lakini Linus ni mmoja na hawezi kukua pamoja nayo, naye akajitenga na barua zake kwa muda akapumzike. Larry McVoy, aliyeyasikia hayo, alijibu kwa kuunda chombo cha kutunza matoleo, BitKeeper. Donda halikupona mara moja, kwa maana mnamo Januari 2002 Rob Landley alileta tena katika orodha shauri kwamba ateuliwe mtu wa kukusanya viraka vinavyoanguka njiani, na mjadala ukawa mrefu na wa moto. Mwezi uliofuata Torvalds akaanza kuitumia BitKeeper. Na Aprili 2005, ruhusa ya kuitumia bure ilipoondolewa, aliandika chombo chake mwenyewe, git, katika muda wa siku chache, na tangazo lake likapita katika orodha ile ile ya barua.

Wengi wanaoitumia git leo hawajui kwamba ilizaliwa na mkoba wa tarishi begani. Tangu mwanzo ilifundishwa kukifanya kiraka kuwa barua, kuituma, na kufungua sanduku la barua na kuvitia viraka vilivyomo kwa taratibu, huku ikimwandika kila mwandishi kwa jina lake hata kama aliyekitia kiraka ni mwingine. Insafu hiyo ya kumtenganisha aliyeshona na aliyepokea haikuja kwa nasibu. Imetokana na desturi ya barua, ambamo jina la mwenye waraka hutangulia.

Na kuhusu majina, liko jambo lililoingia mwaka 2004 ambalo msomaji wa pwani atalitambua upesi kuliko msomaji wa mahali pengine. Mwaka mmoja kabla yake kampuni ya SCO ilikuwa imeishtaki IBM mahakamani, ikidai kwamba mali yake imeingizwa katika Linux, na ikawa lazima kuonyesha kila mstari umetoka wapi. Ndipo ilipowekwa kanuni kwamba kila kiraka kibebe chini yake mstari wa sahihi, ambao kwao mwandishi anashuhudia kwamba ana haki ya kuitoa kazi ile. Na kila mtu ambaye kiraka kinapita mkononi mwake akielekea katika kiini, naye huongeza sahihi yake chini ya ile ya kwanza. Baadaye ziliongezwa sahihi za aliyekipitia, aliyekijaribu, na aliyelipasha baraza habari za kosa. Nisomapo mistari hiyo mitano au sita, jina chini ya jina, naikumbuka isnadi: fulani amepokea kwa fulani, naye kwa fulani, hata kufika kwa aliyesema. Wanazuoni wa hadithi walijua zamani sana kwamba maneno yasiyo na wapokezi wanaotajwa hayathibitiki, na kwamba kuaminika kwa habari ni kuaminika kwa mikono iliyoipitisha. Na mafundi hawa, kwa shida zao wenyewe na kwa hofu ya mahakama, wakafika katika elimu ile ile.

Ama kuhusu kuzigawa orodha, ilikuwa kazi ya lazima. Orodha kuu ya kerneli hupokea barua mamia kwa mamia kila siku, na hakuna kiumbe awezaye kuzisoma zote na bado akapata muda wa kuandika mstari mmoja wa programu. Kwa hiyo wa mitandao wakawa na orodha yao, wa kumbukumbu ya mashine yao, wa mifumo ya mafaili yao, na hivyo hivyo hata orodha zikawa nyingi mno, kila moja ikiwa na watunzaji wake wanaojuana kwa tabia na kwa mwandiko. Ili mgeni asipotee, ndani ya msimbo wenyewe kuna daftari la watunzaji, ambalo mimi naliona kuwa mojawapo ya maandishi mazuri ya usimamizi yaliyopata kuandikwa bila ya serikali kuamuru. Kila sehemu ya kerneli ina aya yake fupi, na kila mstari wa aya huanza na herufi moja: M hutangulia jina la mtu wa kupelekewa viraka, L hutangulia anwani ya orodha, F hutangulia mafaili yanayohusika. Programu ndogo hukisoma kiraka chako, ikaona umegusa faili gani, ikakutajia nani uwaandikie.

Barua yenyewe ina sura yake, na sura hiyo haivunjwi. Anwani ya mada huanza na neno PATCH katika mabano ya mraba. Kama viraka ni vitano vinavyofuatana, kila kimoja hubeba nambari yake, moja kwa tano, mbili kwa tano, na mbele yao hutangulia barua yenye nambari sifuri, isiyo na kiraka ndani yake, inayoeleza msafara mzima unakwenda wapi. Na kama kazi ilirudishwa ikatengenezwa upya, hutajwa kuwa ni ya mara ya pili, au ya tatu, au hata ya kumi na tano. Kisha yafuata maelezo, kisha sahihi, kisha vistari vitatu. Chini ya vistari hivyo mwandishi aweza kuwaambia wasomaji kile kisichotakiwa kubaki milele, kama vile amebadilisha nini tangu mara iliyopita, kwa sababu git huyaacha nje maneno hayo ichukuapo kiraka. Kiraka chenyewe hukaa ndani ya mwili wa barua, maandishi matupu, pasipo kiambatisho wala rangi, ili anayejibu aweze kukata mstari mmoja, aunukuu, na aandike neno lake papo hapo chini yake. Sharti hili limewatesa wengi. Msimbo wa kerneli hutenga mistari yake kwa nafasi pana ya kichupo, na ziko programu za barua ambazo huigeuza nafasi hiyo kuwa nafasi ndogo ndogo, au hukunja mstari mrefu katikati; jicho halioni kosa, lakini patch hulikataa. Kwa ajili hiyo mwongozo wa kerneli unamshauri mgeni ajitumie kwanza kiraka mwenyewe, akitie, aone kama kimefika salama.

Wapo wanaoyaona maandishi hayo matupu kuwa ukaidi wa wazee. Mimi nayaona kwa jicho la mtu wa upande huu wa dunia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla intaneti kamili haijafika kwetu, mjini Nairobi barua pepe zilikuwa zikikusanywa na kupelekwa kwa njia ya FidoNet, mitambo ikipigiana simu kwa zamu na kukabidhiana mizigo. Na hata baada ya intaneti kufika, pwani yetu ilitegemea setilaiti mpaka nyaya za baharini zilipotua mwaka 2009. Katika hali kama ile, kazi inayohitaji kuunganishwa na mtambo wa mbali saa zote ni kazi ya wenye nacho. Barua hungoja. Huandikwa wakati umeme upo, huondoka wakati waya umefunguka, na hujibiwa na mtu ambaye kwake ni usiku.

Siwezi kuzisifu orodha hizi bila ya kuutaja ukali wake. Kwa miaka mingi palikuwa na majibu yaliyomvunja mtu badala ya kukivunja kiraka, na kwa kuwa barua zilisomwa na maelfu na kuhifadhiwa, aliyetukanwa alitukanwa kwa kudumu. Watu wenye maarifa waliondoka kimya kimya. Mnamo Septemba 2018 Torvalds mwenyewe aliandika katika orodha kuomba radhi kwa maneno yake ya miaka iliyopita, akajitenga kwa muda ili ajifunze, na toleo la 4.19 likatolewa na Greg Kroah-Hartman kwa niaba yake. Na wakati huo huo kanuni mpya ya mwenendo ikaingizwa. Toba ile naithamini, na pia naona kwamba ilichelewa.

Hifadhi nayo ilikuwa na misukosuko yake. Kwa muda mrefu barua zilitunzwa na watu wa kujitolea, na mwaka 2016, Lars Magne Ingebrigtsen alipolemewa na kazi ya Gmane, hifadhi aliyoianzisha mwaka 2002, kurasa zake zilizimika, na viungo visivyo na idadi katika maandishi ya mafundi vikaelekea pasipo na kitu. Leo barua za kerneli zimekusanywa mahali pamoja, tangu miaka ya 1990, kwa programu ya Eric Wong iitwayo public-inbox, ambayo huziweka katika git ili yeyote aweze kuzinakili zote na kuwa nazo nyumbani. Hata hifadhi ya katikati ikiungua, nakala zitakuwapo. Viraka vingi vinavyoingia sasa hubeba, karibu na sahihi zao, mstari unaoielekea barua vilivyokuja nayo. Ukiufuata utamwona mwandishi akieleza alichokiona, mtunzaji akimuuliza kwa nini hakukagua kwanza kama kumbukumbu imepatikana, mwingine kutoka bara jingine akisema kwamba kwenye mashine yake kosa halijaisha, kiraka cha pili, kiraka cha tatu. Na chini kabisa, pengine baada ya miezi miwili, jibu fupi la mtunzaji ambalo kila mgeni hulingojea: kimetiwa, ahsante.